Amri Isiyouliza Mara Mbili

Fungua kompyuta ya saiba yoyote mjini Eldoret, nenda kwenye folda ya Downloads, na utasoma maisha ya watu usiowajua. Kitambulisho, mbele na nyuma. Matokeo ya mtihani wa KCSE. Cheti cha tabia njema. Barua ya chifu. PIN ya kodi ya KRA. Hati ya shamba la Moiben iliyopigwa skani kwa haraka kwa sababu wakili aliitaka jioni hiyo hiyo. Mwaliko wa mbio za barabarani huko Ulaya, pamoja na ukurasa wa picha wa pasipoti ya kijana wa Iten ambaye bado hajui kama ubalozi utampa viza. Fomu ya mkopo wa HELB yenye namba za simu za wazazi na wadhamini. Mwenyewe alishalipa, akachukua karatasi zake, akaenda kupanda matatu. Nakala zimebaki.

Nina saiba ndogo ghorofani, karibu na Barabara ya Uganda: kompyuta chache, printa mbili na mashine moja ya fotokopi. Kila jioni, stakabadhi za siku iliyotangulia zinafutwa. Sizifuti kwa mkono. Zinafutwa na skripti, yaani faili ya maandishi isiyojaa hata ukurasa mmoja, niliyoiandika kwa lugha ya Python, ambayo Windows huiamsha yenyewe saa mbili unusu usiku mlango ukishafungwa. Wenzangu wa saiba huniuliza inavyofanya kazi, na wateja wangu wana haki ya kujua vitu vyao vinaishia wapi, kwa hiyo nitaeleza.

Kwanza, kwa nini si mkono. Ukibofya faili kwa panya na kubonyeza Delete, Windows haiifuti. Inaihamishia kwenye pipa la taka, na humo inakaa hadi mtu alimwage au pipa lifurike. Mteja wa kesho akiketi kwenye kiti kile, akafungua pipa kwa udadisi tu, anarudisha kitambulisho cha mwenziwe kwa kubofya mara mbili. Tena mkono huchoka. Siku za kuripoti shuleni, au wiki ambayo dirisha la mikopo ya vyuo linakaribia kufungwa, watu hujaa hadi kwenye ngazi. Usiku huo hakuna mfanyakazi atakayechambua faili moja moja. Atafunga mashine aende nyumbani, na mimi simlaumu.

Skripti haichoki, lakini pia haisiti, na hapo ndipo pana hatari yote ya jambo hili.

Lugha za skripti ni zile ambazo unaandika maagizo kama maandishi ya kawaida, kisha programu nyingine inayasoma na kuyatekeleza papo hapo. Python ni mojawapo, ilitolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Perl ya Larry Wall ni ya 1987. PHP inaendesha tovuti nyingi. Bash ndiyo inayosikiliza amri kwenye mashine za Linux. Zote zina njia ya kufuta faili, na zote zina tabia moja inayowashangaza watu waliozoea panya: hazipitii kwenye pipa la taka. Hakuna kidirisha kinachojitokeza kuuliza kama una uhakika. Ukishaandika mstari huo na kuuendesha, uhakika wako umeshachukuliwa kuwa umetolewa.

Na kufuta kwenyewe ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Folda ni kama daftari la mapokezi ya gesti: lina jina la mgeni na namba ya chumba alicholala. Ukifuta faili, mfumo unakata jina daftarini na kutangaza kwamba chumba kiko wazi. Mgeni mwenyewe bado yumo, mpaka aje mwingine apewe chumba hicho. Ndiyo maana kufuta faili kubwa ya video huchukua muda mfupi kuliko kuinakili. Hakuna aliyeigusa video, limeguswa jina tu.

Kwenye diski za zamani zenye sahani inayozunguka, hali hiyo inaweza kudumu miezi. Ziko programu za bure, PhotoRec ni mojawapo, zinazopita juu ya diski nzima bila kuangalia majina, zikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG au faili ya PDF huanza nazo, na kuzirudisha. Kwenye diski mpya za SSD mambo ni tofauti kidogo: mfumo huipa diski taarifa kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, nayo huisafisha kwa wakati wake, mara nyingi mapema. Kompyuta nyingi tunazonunua Eldoret ni zile zilizotumika, zinazoitwa ex-UK, na zilizo nyingi kati ya hizo bado zina diski ya sahani. Nikiuza moja, diski ya sahani naiandika juu nzima kabla haijatoka mlangoni. Skripti ya kila usiku haifanyi hivyo. Inatosha kwa mteja mdadisi, haitoshi kwa fundi aliyeamua.

Sasa maagizo yenyewe. Python ina amri ya kufuta faili moja, `os.remove`. Ukiipa folda badala ya faili, inakataa. Ina amri ya kufuta folda, `os.rmdir`, lakini folda hiyo lazima iwe tupu. Ikiwa na kitu ndani, hata faili moja isiyoonekana kwa macho, inakataa pia. Hizi mbili ni za adabu. Halafu ipo ya tatu, `shutil.rmtree`. Hii hupewa jina la folda, ikaingia ndani, ikafuta faili zote, ikaingia kwenye folda za ndani, ikafanya vivyo hivyo, hadi chini kabisa, kisha ikarudi juu ikifuta folda zenyewe. Wenye Linux wanaijua kwa sura ya `rm -rf`. Hiyo ndiyo inayotumika katika kazi halisi, kwa sababu hakuna mtu mwenye folda tupu ya kufuta.

Amri hiyo haina kosa. Inafuta jina ulilolipa. Tabu ni kwamba katika skripti mara nyingi jina haliandikwi na wewe wakati huo. Linaundwa na skripti yenyewe, kutokana na vipande: tarehe, jina la diski, thamani iliyosomwa mahali fulani. Kipande kimoja kikikosekana, jina linakuwa jingine, na amri inakwenda huko bila kuuliza.

Chuo Kikuu cha Kyoto kilijifunza hilo kwa gharama. Kati ya tarehe 14 na 16 Disemba 2021, kwenye hifadhi ya kompyuta kuu ya chuo hicho, zilipotea faili milioni 34 hivi, ujazo wa terabaiti 77, mali ya vikundi 14 vya watafiti. Vikundi vinne kati ya hivyo havikuweza kurudishiwa kazi yao. Aliyefuta hakuwa mdukuzi. Ilikuwa skripti ya kuhifadhi nakala, ile ile iliyowekwa ili data isipotee, iliyotunzwa na kampuni ya HPE iliyouza mashine. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya kusafisha kumbukumbu za zamani: tafuta faili zilizopita siku 10 kwenye folda fulani, uzifute. Jina la folda lilikuwa limehifadhiwa katika kigezo.

Kilichotokea ni hiki. Wahandisi waliboresha skripti, wakaandika toleo jipya juu ya lile la zamani wakati la zamani bado linaendelea kufanya kazi. Bash haisomi skripti yote mara moja. Inasoma kipande, inatekeleza, inarudi kusoma kinachofuata. Iliporudi, ikakuta maandishi ni mengine. Kigezo ambacho toleo jipya lilikitegemea kilikuwa hakijapewa thamani, kwa hiyo badala ya folda ya kumbukumbu za mashine, amri ya kufuta ikaelekea kwenye hifadhi ya watafiti. Ikafanya kazi yake vizuri sana, siku mbili, usiku na mchana. HPE walikubali kwamba kosa ni lao kwa asilimia mia moja. Mimi husoma kisa hiki kila ninapojiona mjanja, maana waliokifanya wanalipwa kwa kazi hiyo tu.

Kisa cha pili ni kidogo lakini kinatuhusu zaidi sisi wa saiba. Novemba 2001 kampuni ya Apple ilitoa iTunes 2, na skripti ya kuisakinisha ilianza kwa kuondoa toleo la zamani. Jina la diski halikuzungushiwa alama za nukuu. Katika lugha ya aina hiyo, nafasi kati ya maneno hutenganisha jina moja na jingine. Mtu mwenye diski mbili, moja ikiitwa `Disk` na nyingine `Disk 1`, akisakinisha kwenye hiyo ya pili, skripti ilisoma majina mawili: la kwanza `Disk`, na kile kilichobaki. Ikaifuta diski ya kwanza yote. Apple waliiondoa haraka na kutoa 2.0.1.

Wateja wangu wote huweka nafasi katika majina ya faili. Sijawahi kuona mtu akiandika kinyume. "ID ya mama mbele.jpg", "barua ya chief final final.docx". Tena hapa kwetu kuna jambo ambalo Wamarekani walioandika vitabu vya bash hawakulifikiria sana: ritifaa. Nusu ya ukoo wa Ng'etich na Ng'eno wamepita kwenye skana yangu, na katika bash ritifaa hufungua nukuu ambayo haifungwi hadi ikutane na nyingine. Faili ya Ng'etich ikiingia vibaya kwenye skripti, amri inameza maneno yote yanayofuata hadi imkute Ng'eno. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuchagua Python. Huko jina la faili ni kitu kizima kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Liwe na nafasi, ritifaa au nukta tatu, halikatwi.

Kisa cha Steam nitakitaja kwa sababu ya mzaha wake. Januari 2015 ilibainika kwamba skripti ya programu hiyo ya michezo, kwa watumiaji wa Linux, ilikuwa na mstari wa kufuta kila kilichomo katika folda ambayo jina lake lilikuwa ndani ya kigezo. Mtu akihamisha folda ya Steam mahali pengine, kigezo kilibaki kitupu, na amri ikageuka kuwa ya kufuta kila kitu kuanzia kwenye mzizi wa mashine, pamoja na diski za nje zilizochomekwa. Aliyeandika mstari huo alikuwa ameacha maelezo mafupi pembeni yake, kwa Kiingereza, kwamba unatisha. Aliona, akaandika kwamba ameona, akaendelea.

Python nayo ina mtego wake wa jina tupu. Ukitumia maktaba yake ya kushughulikia njia za faili, `pathlib`, ukaipa jina lisilo na herufi yoyote, haikatai. Inalichukua kuwa nukta, na nukta ni folda ile ile ambamo skripti imesimama. Kwa hiyo skripti yangu, kabla ya chochote, inakagua mambo mawili. Jina lisiwe tupu. Na likishafunguliwa kikamilifu, njia za mkato zikiwa zimefuatwa hadi mwisho, liwe ndani ya folda ya kazi za wateja, `C:\Wateja`, si `C:\Wateja` yenyewe wala jirani yake. Lisipotimiza hayo, skripti inasimama na kuandika ujumbe. Kijana anayenisaidia, mwanafunzi wa politekniki, alinicheka siku ya kwanza.

"Madam, ukaguzi ni mrefu kuliko kazi yenyewe."

Nikamwambia ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kitu kilichonichukulia muda zaidi ni kujua faili ipi ni ya leo. Mtu yeyote atakwambia: angalia tarehe, futa zilizozidi saa 24. Lakini faili ya kompyuta ina tarehe zaidi ya moja. Iko ya kuundwa na iko ya kubadilishwa mara ya mwisho, na skripti nyingi unazozikuta huangalia ya pili. Mteja anakuja na flashi yenye CV aliyoiandika 2019, anainakili kwenye mashine ili aihariri. Windows inapoinakili, inabakiza tarehe ya kubadilishwa ile ile ya 2019. Kwa macho ya skripti, faili iliyoingia dakika tano zilizopita ina umri wa miaka. Ukiiendesha mchana, unamfutia mtu CV akiwa ameketi mbele yake.

Nikaacha tarehe za faili kabisa. Kila asubuhi skripti nyingine ndogo hutengeneza folda yenye jina la siku, mathalani `2025-06-11`, na vivinjari vyote, skana na mashine vimeelekezwa huko. Usiku hatufuti faili kwa umri. Tunafuta folda ya jana kwa jina lake. Leo inabaki hadi kesho usiku, kwa sababu hakosekani mtu wa kurudi asubuhi akisema ukurasa wa tatu haukutoka.

Halafu kuna stima. Wakati wa mvua, kati ya Aprili na Agosti, stima ya Eldoret hupotea bila taarifa, na hata sasa tangu mji upewe hadhi ya jiji Agosti 2024 sijaona waya zikibadilika tabia. Ikipotea katikati ya `rmtree`, nusu ya folda imeondoka na nusu imebaki, na asubuhi huwezi kujua kama ilibaki kwa makusudi. Kwa hiyo skripti hubadilisha jina la folda kwanza, inaliongezea mbele neno `FUTA_`. Kubadilisha jina ni tendo moja, ama limefanyika ama halijafanyika. Baada ya hapo ndipo inafuta. Stima ikirudi na skripti ikaanza upya, kila chenye `FUTA_` inajua ni kazi isiyokwisha, inakimalizia.

Windows ina ukaidi mwingine: haikubali kufuta faili iliyo wazi katika programu nyingine. Mtu ameacha PDF wazi, `rmtree` inafika hapo, inatoa kosa na kusimama, na vilivyobaki vyote vinalala. Ipo namna ya kuiambia ipuuze makosa na isonge mbele kimya. Usiitumie peke yake. Utaambiwa kazi imekwisha, ukalala, kumbe folda ya pasipoti iko pale pale kwa sababu Word iliishikilia. Yangu inajaribu, inasubiri kidogo, inajaribu tena, na ikishindwa inaandika kwamba imeshindwa. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ninayosoma asubuhi kabla ya kuwasha printa.

Taarifa hiyo haina majina ya faili. Ina idadi na aina tu: PDF ngapi, picha ngapi. Orodha ya kilichofutwa ikiwa na "ID ya fulani" na namba yake, basi hukufuta kitu, umekihamishia kwenye orodha.

Kabla sijafungua saiba niliwahi kuingiza data ya wagonjwa, na huko nilikutana na fikra iliyo kinyume kabisa, iliyokomaa hapa hapa Eldoret. Watu wengi wa mjini hawajui kwamba mojawapo ya programu za rekodi za matibabu zinazotumika sana katika nchi maskini ina mizizi kwenye Barabara ya Nandi. Ilianzia Mosoriot, kituo cha afya kilicho upande wa Nandi, ambako mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa rekodi za kompyuta uliojengwa kwa Microsoft Access. Mradi wa AMPATH wa kutibu virusi vya UKIMWI ulipokua, mfumo ule ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuona tatizo, na kutokana na safari hiyo, wakishirikiana na wengine kama Hamish Fraser wa Partners In Health, ikazaliwa OpenMRS. Ilianza kutumika hapa mwaka 2006, kisha ikaenda Rwanda, Afrika Kusini na nchi nyingine nyingi.

Katika OpenMRS, karani akibonyeza kufuta kipimo cha mgonjwa, kipimo hakifutwi. Kila mstari katika jedwali una safu ya kusema kama umebatilishwa, na safu nyingine tatu: nani aliyebatilisha, lini, na kwa sababu gani. Kinachobadilika ni alama tu, kutoka sifuri kuwa moja. Skrini haikionyeshi tena, lakini kipo, na sababu lazima iandikwe. Kuondoa kabisa kunawezekana, lakini ni amri tofauti, ina jina tofauti, na si kila mtu anapewa ruhusa yake.

Ukifikiria fomu za karatasi zilivyokuwa zikifika, zimeandikwa na mkono wa daktari aliyeona wagonjwa tangu asubuhi, unaelewa. Namba moja ya kitambulisho ikikosewa, ziara ya mgonjwa huyu inaingia kwa yule. Ukiifuta kabisa umefuta dawa aliyopewa mtu. Ukiibatilisha, mtu mwingine anaweza kuja baadaye, akaona ilikuwapo, akairudisha mahali pake. Gharama yake ipo: anayeandika ripoti akisahau kuiambia hifadhidata iache mistari iliyobatilishwa, anahesabu wagonjwa wasiokuwapo.

Mimi nimebeba mawazo yote mawili. Hesabu za saiba, malipo ya M-Pesa, madeni ya wateja wa kila siku: hivyo sifuti, nabatilisha na kuandika sababu. Vitambulisho vya watu: hivyo ninaviondoa, tena bila kubakiza kivuli. Mwenye biashara anayechanganya mafungu haya mawili ataishia kufuta hesabu za kodi na kutunza pasipoti za watu, na nimewaona wanaofanya hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema hivyo kwa lugha yake. Kifungu cha 39 kinakataza kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozileta. Kifungu cha 40 kinampa mwenyewe haki ya kutaka zifutwe. Saiba kama yangu, yenye wafanyakazi chini ya kumi na mapato ya mwaka yasiyofika milioni tano, haibanwi na ulazima wa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini kanuni zenyewe hazikuangalia ukubwa wa duka.

Nchi nzima ilipata darasa la kufuta data Mei 2025, Mahakama Kuu ilipoamuru Worldcoin wafute kabisa, ndani ya siku saba na chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna, data za macho na nyuso walizokusanya kwa Wakenya. Zilikuwa zile foleni za mwaka 2023, watu wakitazama kwenye mpira wa chuma ili wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Taasisi ya Katiba ndiyo iliyopeleka kesi. Niliposikia hukumu, swali langu lilikuwa la mtu wa skripti: utathibitishaje? Kitu kilichofutwa hakina cha kuonyesha. Unaweza kuonyesha amri iliyoendeshwa, saa iliyoendeshwa, na folda tupu. Huwezi kuonyesha kwamba hakuna nakala nyingine kwenye mashine ya nchi nyingine. Ndiyo maana usimamizi uliandikwa ndani ya amri, na mimi naona jaji alielewa teknolojia kuliko wengi waliomsifu.

Kwangu pia kuna mahali skripti haifiki. Wateja wengi siku hizi hawaji na flashi. Wanatuma kwa WhatsApp ya saiba, na kilichotumwa kinabaki kwenye simu hata folda ya kompyuta ikifutwa. Nimewasha ujumbe unaojifuta baada ya saa 24 kwa mazungumzo mapya, lakini picha zinazojihifadhi zenyewe kwenye simu nazifuta kwa mkono. Mashine kubwa za fotokopi nazo huwa na diski ndani, ambayo hukumbuka. Unaponunua iliyotumika, uliza. Na foleni ya printa ikikwama, hati iliyokuwa ikisubiri inakaa kwenye folda ya Windows ambayo skripti yangu, kwa ukaguzi wake ule mrefu, imekatazwa kuigusa. Hiyo nasafisha mwenyewe.

Wapo wanaokasirika. Mzee mmoja wa Turbo alirudi baada ya wiki mbili kutafuta barua yake ya mpaka wa shamba. Nilimwambia haipo.

"Msichana wangu, si uliandika wewe hapa hapa? Sasa iko wapi?"

"Nilikupa karatasi, Mzee. Ya kwenye mashine nilifuta, ili jirani yako asije akaiprinti."

Akafikiri. Jirani ndiye waliyekuwa wakigombania naye huo mpaka. Akaniambia niiandike tena, na safari hii akanunua flashi.